Rubona: Magurudumu ya Mtumba Kando ya Ziwa Kivu

Msafiri atokaye mjini Gisenyi kuelekea Rubona hana safari ndefu. Ni mwendo wa kilomita kama 7 tu kwenda kusini, na ziwa haliondoki machoni kwa muda mrefu. Barabara hupanda, ikazunguka ubavu wa kilima chenye migomba na nyumba zilizoshikamana na mteremko, kisha ikashuka hadi kwenye ghuba iliyotulia. Akigeuka nyuma siku isiyo na mawingu, msafiri huuona mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, umesimama ng'ambo ya mpaka juu ya mji wa Goma. Usiku, volkano inapokuwa na moto kifuani, wingu lililo juu yake huwa jekundu.

Nchini Rwanda magari hupita upande wa kulia. Kwa hiyo gari liendalo Rubona ndilo lililo karibu na ukingo wa ziwa, na dereva wake hana budi kuyaamini magurudumu yake. Katika njia za tambarare gurudumu bovu humchelewesha mtu. Katika njia kama hii laweza kumzamisha.

VITU VILIVYOTOKA MBALI

Rubona ni mahali palipojengwa kwa vitu vingi vilivyotoka kwingine. Kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957, kiko karibu hapo, na kwa miaka mingi malori yenye makreti yameipanda na kuishuka barabara hiyo. Hata moto wa kiwanda ulipata kutoka mahali pasipotazamiwa. Chini kabisa ya Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinazidi mita 470, kuna gesi ya methani iliyoyeyuka katika maji, ipatayo takriban kilomita za ujazo 60. Mwaka 1963 mtambo wa majaribio ulianza kuivuta gesi hiyo katika rasi ya Rubona, ikatumika kiwandani kuchemshia maji.

Samaki nao ni wageni. Isambaza, samaki wadogo wa jamii ya dagaa ambao leo ni kitoweo na biashara ya pwani yote ya Kivu, hawakuwamo katika ziwa hili hapo kale. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, milonjo mirefu ikiwa imetokeza mbele na nyuma kubeba wavu, nao huimba ili makasia yaende kwa pamoja. Alfajiri hurudi, na kina mama wenye mabeseni huwa wamekwisha kuwasili.

Basi si ajabu kwamba katika mahali pa namna hii mtu asione vibaya kukifunga kifaa cha gari moja kwenye gari jingine. Mgeni akipokelewa vizuri huzaa matunda. Lakini samaki yule mdogo alipoletwa Kivu alikuta maji yanayomfaa. Kifaa cha gari hakina budi kutafutiwa maji yake kwa kipimo.

PIKAPU YA MZEE

Alikuwapo mzee mmoja wa Rubona, polisi mstaafu, mwenye pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa ni ile yenye ekseli nzima mbele, springi za pasi pande zote, na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne. Rangi ilikwisha kufifia, lakini injini ya dizeli ilikuwa bado ina sauti ya afya. Kila alfajiri pikapu hiyo ilibeba isambaza za mkewe na za jirani zake wanne hadi sokoni Gisenyi. Karo za wajukuu, dawa ya presha ya mzee, na bati za jiko jipya, vyote vilitoka katika karoseri ya gari hilo.

Matairi yake yalikuwa yamekwisha. Zaidi ya hayo, rimu mbili za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu pembeni hata upepo ukawa unavuja kila baada ya siku chache. Kijana wake, dereva mjini Kigali, akaahidi kulimaliza tatizo. Mwisho wa mwezi alishuka kutoka Kigali, safari ya kilomita 150 na zaidi kupitia Musanze, akiwa na magurudumu manne aliyoyanunua Gatsata, mtaa ujulikanao sana kwa gereji na vipuri vilivyotumika. Yalikuwa magurudumu ya kiwandani ya Hilux mpya zaidi, ya kizazi kilichotoka mwaka 2015: rimu za aloi za inchi 17, zinazong'aa, matairi yakiwa bado yamo.

"Baba, ni Toyota kwa Toyota," alisema kijana kwa furaha. "Bolti ni sita huku na sita kule. Tufunge leo leo, kesho uende sokoni."

Mzee alizitazama rimu zile kama mtu anayetazama kiatu cha mwingine. Kisha akasema kwamba kazi hiyo itapita kwanza mikononi mwa fundi wao wa Gisenyi.

BOLTI SITA HAZITOSHI

Fundi yule, mtu wa makamo anayezungumza Kiswahili cha Goma na cha Bukavu kwa urahisi uleule anaozungumzia Kinyarwanda, hakuchukua jeki. Alichukua rula, kalamu na daftari.

Kipimo cha kwanza kilikuwa duara la bolti. Katika Hilux zote mbili duara linalopita katikati ya bolti sita lina upana wa milimita 139.7, yaani inchi 5 na nusu. Hapo kijana alikuwa na haki. Lakini fundi alimweleza kwamba kuhesabu bolti peke yake kumewapotosha wengi. Nissan Navara ya mwaka 2005 na kuendelea ina bolti sita pia, ila duara lake ni milimita 114.3, na rimu yake haiwezi hata kuingia.

Kipimo cha pili kilikuwa tundu la katikati. Mitsubishi L200 na Ford Ranger ya tangu 2011 zina duara lilelile la 139.7, lakini tundu la rimu ya L200 ni milimita 67 hivi, na la Ranger 93. Kitovu cha Hilux ya magurudumu manne ni milimita 106. Rimu hizo zingekwama nje ya kitovu. Bahati ilikuwa upande wa familia hii, kwa sababu Hilux ya zamani na ile mpya zimebaki na tundu moja. Rimu iliingia na kukaa barabara. Vifuniko vya katikati tu, vile vyenye alama ya kampuni, viliwekwa kando, maana vichwa vya kufungia magurudumu ya mbele vya pikapu ya zamani hutokeza nje ya rimu.

Kipimo cha tatu ndicho kilichomfanya fundi akunje uso. Kijana alikuwa amekuja na nati zilezile za pikapu ya zamani, zenye mchongoko unaoingia katika tundu la rimu ya chuma. Rimu zile za aloi zilitengenezwa kwa nati za namna nyingine: zenye shingo iliyonyooka na washa bapa inayolalia uso wa rimu. Fundi aliweka nati ya mchongoko katika tundu la aloi, akamwonyesha mzee. Ilikuwa imegusa ukingo tu, kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya kiti.

"Mzee, hii itakaza," alisema. "Utaiona imekaza kabisa. Lakini ikipata mashimo ya barabara siku mbili tatu, itakula ukingo wa aloi, halafu italegea. Ikilegea moja, tano zinabeba mzigo wa sita."

Mzee hakuuliza zaidi. Alipokuwa kazini alikwisha kulisimamia gari lililong'okwa na gurudumu mteremkoni, na hakupenda kulisimulia.

Zikahitajika nati 24 za aina yake. Fundi aliongeza sharti moja: nati ishike bolti kwa mizunguko isiyopungua 8. Bolti za Hilux zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko wa nati husogea milimita moja na nusu. Kwa hiyo mizunguko 8 ni sawa na nati kuishika bolti kwa urefu ulio sawa na unene wake. Chini ya hapo, uso wa aloi ulio mnene utakuwa umeila bolti, na nati itakuwa imening'inia. Walihesabu kwa mkono, bila spana. Ikafika 9.

USUKANI UNAPOKATWA

Magurudumu mawili ya mbele yakafungwa kwa majaribio, gari likashushwa. Machoni lilipendeza. Watoto wa jirani walipiga makofi. Fundi akamwomba kijana akate usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, taratibu. Upande wa kushoto ulisikika mkwaruzo wa mpira juu ya chuma. Tairi lilikuwa linasugua springi ya pasi.

Sababu yake ilikuwa wazi alipochora. Rimu za pikapu ya zamani zilikuwa na upana wa inchi 5 na nusu, na hizi mpya zina 7 na nusu. Inchi mbili za ziada ni kama milimita 51, na nusu ya hizo, yaani 25, huelekea ndani. Tena, uso wa rimu mpya unaoegemea kitovu haukuwekwa katikati ya upana. Umesogezwa milimita 30 kuelekea nje, na hivyo rimu yenyewe inazidi kuingia chini ya gari. Hilux mpya haina taabu hiyo, kwa kuwa mbele haina ekseli nzima wala springi za pasi. Gurudumu lilitengenezewa nyumba nyingine.

Kijana akapendekeza kuweka spesa, zile sahani za chuma za kulisukuma gurudumu nje. Fundi hakukubali. Alieleza kwamba spesa huongeza wenzo juu ya beringi za kitovu, na kwamba nyingi zinazouzwa mitaani hazijulikani zimesubuliwa kwa chuma gani. Kwa gari la kubebea watu na mizigo kando ya ziwa, asingeweka mkono wake hapo.

Njia aliyoichagua ni ya polepole zaidi. Kwenye ekseli ya mbele ya pikapu hiyo kuna skurubu za kuzuia usukani usipite kiasi. Alizitoa nje kidogo, kila upande, hadi tairi likasimama umbali wa kidole kutoka kwenye springi. Mkwaruzo ukaisha. Gharama yake ilikuwa kwamba gari halikuweza tena kugeuka katika nafasi ndogo kama zamani. Pale chini, wanaposhukia wavuvi, ambapo mzee alizoea kugeuka mara moja, sasa angelazimika kurudi nyuma na kwenda tena.

"Hilo naliweza," alisema mzee. "Sina haraka kuliko samaki waliokwisha kufa."

FEDHA ZA UPATU

Lilibaki suala la matairi yenyewe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za mwisho katika alama ya utengenezaji: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Matairi matatu yalisomeka 3419, maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2019. La nne lilisomeka 0812. Lilikuwa na kashata nene kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo kijana alikuwa amelifurahia kuliko yote. Fundi alilikunja kidogo kwa magoti. Nyufa nyembamba zikafunguka kama udongo wa kiangazi.

Kashata haimwambii mtu umri wa mpira. Tairi lililokaa miaka mingi juani laweza kuwa na meno mazima na nyuzi zilizokufa.

Halafu fundi akauliza, "Na spea iko wapi?"

Spea ilikuwa rimu ya chuma ya zamani, yenye tairi la ukubwa wa 205R16, lenye kimo cha milimita kama 740. Matairi mapya yalikuwa 265/65R17, na kimo chake ni milimita 776. Gari lenye gurudumu moja fupi kuliko mengine huvuta upande mmoja, na likitiwa kwenye magurudumu manne juu ya lami, gia na ekseli hupigana zenyewe kwa zenyewe. Zaidi ya hayo, spea ya chuma inataka nati zake za mchongoko, si zile mpya. Kwa hiyo, ama inunuliwe rimu ya tano inayofanana, ama mzee akubali kwamba siku ya pancha atatembea polepole hadi kwa fundi wa karibu, akiwa na nati sita za zamani ndani ya gari.

Habari hizi zilifika nyumbani Rubona jioni ile, zikapokelewa kimya. Matairi mawili, rimu moja na nati 24 ni fedha ambazo hazikuwa katika hesabu. Kijana alikwisha kutumia akiba yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba labda waende hivyo hivyo mwezi mmoja, hadi mshahara.

Mama ndiye aliyejibu. Zamu yake ya upatu ilikuwa imekaribia, na fedha hizo alizitengea bati za jiko.

"Jiko likivuja, nitasogeza sufuria," alisema. "Hao kina mama wanne wanapanda gari letu kwa sababu wananiamini mimi, si kwa sababu ya rimu inayong'aa. Nunueni kinachotakiwa."

Kijana aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa ameleta kitu kizuri kwa moyo mzuri, na kosa lake lilikuwa moja tu: alinunua kabla ya kupima.

KUKAZA TENA

Kazi ilimalizika baada ya majuma mawili. Fundi alikaza nati kwa kuvuka, moja juu na nyingine upande wa pili chini, ili rimu ikae sawasawa, na kwa spana ya kupimia nguvu hadi kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Hakupaka grisi kwenye bolti, kwa kuwa bolti yenye mafuta hukazwa kupita kiasi bila mkono kujua.

Mjukuu wa kike wa darasa la sita alipewa kazi yake. Tairi kubwa hufanya mita ya mwendo idanganye, kwa sababu kila mzunguko mmoja gari huenda mbali zaidi ya mita inavyodhani. Tofauti ilikuwa karibu asilimia 5. Mtoto alipiga hesabu, akaandika kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa karibu na usukani: 40 ni 42, 60 ni 63, 80 ni 84. Mzee, aliyewahi kuwaandikia wengine makosa ya mwendo, alikisoma kikaratasi hicho kila alipowasha gari.

Alionywa pia juu ya mambo mawili. Gari litakuwa zito kidogo kupanda kilima, maana gurudumu refu hupunguza nguvu ya gia. Na rimu mpya haiongezi hata kilo moja ya mzigo halali. Namba 112 iliyo ubavuni mwa tairi maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Lakini springi, breki na fremu ni zilezile za miaka ya 1990, na hizo ndizo zinazoamua.

Agizo la mwisho la fundi lilikuwa kukaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwenda na kurudi kati ya Rubona na Gisenyi ni kilomita kama 14. Kwa hiyo siku ya nne, baada ya kushusha mabeseni, mzee aliegesha pikapu mahali tambarare, akaingiza kiberiti cha jiwe chini ya tairi, akatoa spana. Nati 22 hazikusogea. Mbili, za gurudumu la nyuma upande wa ziwa, zilikubali robo mzunguko. Akazikaza, akaandika tarehe katika daftari lake.

Yeyote anayetaka kufuata njia ya familia hii achukue daftari lao pia. Kabla ya kutoa fedha, na apime duara la bolti, tundu la katikati, aina ya nati, upana na kuingia kwa rimu, na tarehe ya tairi. Aende dukani na rimu moja ya zamani na nati yake, avilinganishe hapo hapo. Ahesabu magurudumu matano, si manne. Na kwa kuwa gari lililobadilishwa kipimo cha matairi laweza kuulizwa, akamwonyeshe mkaguzi wa magari kabla hajasimamishwa njiani.

Jioni ya siku hiyo pikapu ilirudi Rubona tupu. Kwenye chemchemi za maji ya moto watu walikuwa wakikanda miguu iliyochoka, na mitumbwi mitatu mitatu ilikuwa ikitoka ghubani kwa wimbo. Mzee alifika pale wanaposhukia wavuvi. Akageuza nusu, akarudi nyuma taratibu, akageuza tena. Kina mama waliokuwa wameketi kwenye mabeseni yaliyopinduliwa walimsubiri amalize, kisha wakaanza kuhesabu nani atapanda naye alfajiri.